HASIRA, SONI NA KITU KIDOGO: YANAYOTUONGOZA MAHALI PA KAZI

Kurasa hizi zimezoea makala juu ya ukame, dawa za kulevya na faida za kusoma kwa bidii. Hayo yote ni mema. Leo lakini naomba nikupeleke mahali ambapo wengi wetu hatujafika ila tunapakimbilia kila uchao, yaani kazini. Swali langu ni dogo. Mtu amesoma, amehitimu, anajua fika lipi jema na lipi ovu. Kwa nini akishaketi nyuma ya meza ya ofisi, au akishavaa sare ya zahanati, hutenda kinyume cha yale anayoyajua? Na kwa nini mwingine, ambaye hana hata cheti cha darasa la nane, hutenda haki hata pale ambapo hakuna wa kumwona?

Jibu tulilozoea kulisikia ni kwamba huyu wa kwanza hana maadili na yule wa pili anayo. Basi, imekwisha, twende nyumbani. Mimi naona jibu hilo linatuacha pale pale tulipokuwa. Ni kama kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu hana afya.

Hebu kwanza tuyaweke maneno sawa. Hisia ni yale yanayompata mtu moyoni kabla hajapata wasaa wa kufikiri: hasira, hofu, wivu, huruma, haya, shukrani, fahari. Maadili ni kipimo cha jema na baya ambacho watu wanaoishi pamoja wanakubaliana kukitumia, na ukilitazama neno lenyewe utaona limekaa jirani na adili, yaani haki. Mara nyingi tunafundishwa kana kwamba hivi viwili ni mahasimu. Hisia zinavuta huku, maadili yanavuta kule, na mtu mwema ni yule aliyezizima hisia zake kama mtu azimavyo taa ya chemni.

Sikubaliani. Na sababu yangu ya kwanza naipata katika lugha yetu ya nyumbani. Sisi wa Kitui na Makueni tuna neno nthoni. Mtu akikutana na mkwewe njiani akapisha, hiyo ni nthoni. Mtoto anayewajibu wazee ovyo huambiwa hana nthoni. Kiswahili nacho kina neno soni, na masikio tu yatakuambia kwamba maneno haya mawili ni ndugu. Sasa niambie, nthoni ni hisia au ni maadili? Ni joto linalompanda mtu usoni, kwa hiyo ni hisia. Pia ni kanuni ya namna ya kukaa na watu, kwa hiyo ni maadili. Wazee hawakuona haja ya kuyatenganisha. Walijua kwamba kanuni isiyogusa moyo wa mtu haimfikishi mbali, na kwamba moyo usio na kanuni ni punda aliyekata kamba.

Tuone jambo hili likifanya kazi shambani, maana kabla ya ofisi kulikuwa na shamba. Mwanafunzi yeyote wa jiografia amesikia juu ya makinga maji ya fanya juu: unachimba mtaro kwenye mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa mlima unakuwa ngazi. Jina hilo la Kiswahili limesafiri hata katika vitabu vya Wazungu, na lilitoka hapa hapa kwetu, katika wilaya ya zamani ya Machakos ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Lakini kazi ya kuhifadhi udongo haikuanza kwa kupendwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ikidai kwamba wamezidi na wanaharibu ardhi, watu waliongozwa na Muindi Mbingu hadi Nairobi kulalamika, na yeye mwenyewe akaishia kuhamishiwa Lamu. Baada ya vita vikuu vya pili, watu walilazimishwa tena, safari hii kuchimba makinga maji chini ya macho ya machifu. Walichimba, naam, lakini walichimba kwa chuki. Uhuru ulipokaribia wengi waliyatelekeza.

Halafu tazama ajabu. Miaka michache tu baada ya uhuru, watu wale wale, kwa majembe yale yale na kwenye milima ile ile, walirudi kuchimba wenyewe, wakachimba kuliko walivyochimba kwa kiboko. Sababu si moja, kulikuwa na bei ya kahawa na mambo ya soko pia, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa mwethya. Mwethya, kwa msomaji asiye wa huku, ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane asiye na mtu. Vikundi vingi hutoza faini kidogo kwa asiyefika. Lakini muulize mama yeyote aliyewahi kuwa katika mwethya kama ni faini inayomwamsha alfajiri. Atakucheka. Kinachomwamsha ni macho ya wenzake. Pia ni wimbo unaoimbwa jembe likipanda na kushuka, na ile fahari ya jioni watu wakisimama kando kutazama walichokifanya. Aibu, raha na fahari, zote tatu kwa siku moja, na hakuna msimamizi anayelipwa.

Hata leo ukienda mito ya msimu ya Kitui utaona mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL limesaidia kujenga kwa mamia tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa juu ya mwamba kukatiza mto. Mvua ikinyesha, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga mzito unatulia nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo mahali ambapo jua haliyafikii. Mhandisi analeta mchoro na saruji. Mawe na mchanga huletwa na wanakijiji, kwa mabega na kwa punda. Ukuta mmoja ukilegea kwa sababu mtu fulani aliona uvivu kuchimba hadi kwenye mwamba, maji yatapita chini na kazi ya wote itapotea. Hapo uvivu wa mtu mmoja si siri yake.

Nimekawia kwa mwethya kwa makusudi, kwa sababu ofisi nyingi zimepoteza kitu kile ambacho mwethya unacho. Ofisini hakuna wimbo. Anayefanya kazi na anayenufaika hawajuani. Karani akichelewesha faili la mtu, mwenye faili yuko Mutomo au Kibwezi, mbali, na karani hatamwona akilia. Nthoni haina pa kushika.

Sasa twende Wote, makao makuu ya Makueni. Wengi wetu tulikuwa wadogo, au hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi wanakumbuka. Serikali za kaunti zilianza mwaka 2013, na baada ya muda mfupi tu wabunge wa kaunti na upande wa gavana, Profesa Kivutha Kibwana, walianza kuvutana juu ya bajeti. Mvutano wa bajeti si dhambi. Katiba yenyewe imeziweka pande hizi mbili ziangaliane: bunge la kaunti hupitisha fedha na kukagua, serikali ya kaunti hutumia fedha na kutekeleza. Ni kama watu wawili wanaofunga mzigo mmoja juu ya punda, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba. Lakini mwaka 2014 mvutano ulivuka mpaka. Septemba mwaka huo risasi zilifyatuliwa nje ya bunge la kaunti mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa. Lo! Mahali pa kazi! Mahali ambapo watu walitakiwa kuleta makaratasi na hoja!

Wananchi walifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa. Walikusanya saini za kuomba kaunti yao wenyewe isimamishwe. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inataka saini za asilimia 10 ya wapiga kura, na Katiba, kifungu cha 192, inamruhusu Rais kusimamisha serikali ya kaunti kukiwa na hali isiyo ya kawaida, baada ya uchunguzi wa tume huru na idhini ya Seneti. Tume iliundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza ushahidi, ikapendekeza kwamba kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha, akawataka viongozi wapatane.

Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki, hilo si la mwanafunzi. Ninachotaka uone ni namna hisia ilivyoshinda kanuni ambazo zilikuwepo zote, zimechapwa vizuri, zimepigwa mihuri. Hakuna aliyekosa nakala ya Katiba. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni ile nafasi ndogo kati ya kuudhika na kutenda. Mtu akishaamini kwamba mwenzake kazini hampingi hoja bali anamdharau yeye, hoja zinakufa. Kila barua inasomwa kama tusi. Kila swali la ukaguzi linaonekana mtego. Na anayeumia ni mama wa Kathonzweni anayengojea kisima, ambaye hakumtusi mtu.

Kilichofuata baadaye kinanivutia zaidi, ingawa hakikuandikwa sana magazetini, kwa sababu amani haiuzi magazeti. Makueni ilijulikana kote nchini kwa kuwashirikisha wananchi. Kwa kila mradi, watu wa mahali pale huchagua kamati ya kuusimamia, na mwanakandarasi hapati malipo mpaka kamati hiyo iweke saini kwamba kazi imefanyika sawasawa. Umeona kilichorudishwa hapo? Macho ya majirani! Mwanakandarasi aliyezoea kusainiwa na afisa asiyemjua sasa anasainiwa na fundi mwashi wa kijiji kile, mtu anayejua uwiano wa saruji na mchanga, na ambaye mtoto wake atasomea katika darasa hilo. Ni mwethya umevaa tai. Bila shaka hata kamati inaweza kununuliwa, sisi si malaika, lakini ni vigumu zaidi kuwanunua watu ambao utakutana nao sokoni kila siku ya soko.

Nikuulize jambo jingine. Umewahi kuwaza kwamba kuna watu ambao hisia zao ndizo kazi yao? Mwaka 1983 msomi mmoja wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kampuni haikununua tu mikono na miguu yao, ilinunua pia tabasamu. Abiria akitukana, mhudumu atabasamu. Akaonyesha vilevile watu wanaodai madeni, ambao hulipwa ili wakunje uso. Aliita jambo hili kazi ya hisia, na akasema inachosha kama kubeba mizigo, ila uchovu wake hauonekani, kwa hiyo hakuna anayeulipia.

Huku kwetu hatuna wahudumu wa ndege wengi. Tuna wauguzi. Mama yangu mdogo ni mmoja wao, katika zahanati ambayo sitaitaja. Nilipomwambia naandika makala hii alicheka, kisha akasema, "Mwanangu, asubuhi nina tabasamu la kila mtu. Ikifika saa tisa, limeisha kama dawa za stoo. Yule mama wa mwisho kwenye foleni ndiye anayesema wauguzi ni wakali." Nikamuuliza kama huo ukali ni ukosefu wa maadili. Akafikiri kidogo. "Ni ukosefu wa muuguzi wa pili," akasema.

Alinisimulia pia kisa ambacho nimekipa nafasi kubwa hapa kwa sababu kinafundisha. Zamani katika kituo fulani kulikuwa na msimamizi mkali ajabu. Muuguzi akikosea alikaripiwa mbele ya wagonjwa, kwa sauti ya kufika barabarani. Watu wakasema huyu ndiye anayejali kazi, tazama alivyo makini. Siku moja msichana aliyekuwa ameajiriwa karibuni alichanganya kadi za watoto wawili, akamdunga mmoja chanjo ambayo tayari alikuwa ameipata. Aligundua jioni. Je, alisema? Hakusema. Alikaa na jambo hilo siku mbili, halali, hali, mpaka mama yangu mdogo alipomwona akilia chooni. Mtoto hakudhurika, tunamshukuru Mungu, lakini angekuwa amedungwa kitu kingine, siku mbili zingekuwa nyingi mno. Msichana yule alijua maadili ya uuguzi barabara, alikuwa ameyaapa. Hofu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Tena si huku kwetu tu. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani aitwaye Amy Edmondson alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini. Alitarajia kwamba vikundi vinavyoongozwa vizuri vingekuwa na makosa machache ya dawa. Akapata kinyume: vikundi vizuri viliandikisha makosa mengi zaidi. Kisirani gani hiki? Alipochunguza zaidi aliona kwamba si kwamba vilikosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Katika vile vingine makosa yalikuwa yamefichwa chini ya zulia. Kwa hiyo mkubwa wa kazi anayejisifu kwamba idara yake haina makosa, mimi kwanza ningetaka kujua anazungumzaje na wadogo wake. (Wenzangu wa kidato cha pili watajua kwa nini daftari la viranja huwa safi kiasi hicho.)

Kuna wakati ambapo maadili yenyewe yanagongana na hapo hisia huamua. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma nchi nzima kwa takriban miezi mitano, Juni hadi Novemba. Madaktari walikuwa wamegoma siku 100 kabla yao, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma bora za afya. Vifungu viwili, katikati kimekaa kimoja tu! Mama yangu mdogo aligoma pamoja na wenzake kwa sababu aliamini dai lao, na kumsaliti mwenzako aliyekatwa mshahara kwa ajili yako si jambo la heshima. Lakini usiku majirani walibisha mlangoni na watoto wenye homa. Aliwafungulia. Aliwapima joto, akawakanda kwa maji, aliyezidiwa akawatafutia bodaboda ya kumpeleka hospitali ya misheni. Mchana mgomo, usiku mlango wazi, na upande wowote ungemjua ungemlaumu. Nimelifikiria jambo hili sana, na sioni ni kifungu gani alichokivunja.

Huruma basi ni njema? Ngoja kwanza. Huruma ndiyo pia inayomfanya bosi kumwajiri mpwa wake asiyefaa kwa sababu dada yake amelia. Sheria ya kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Kwa nini sheria itaje kiasi? Kwa sababu waliotunga wanaujua moyo wa binadamu: tunamwonea huruma yule tunayemwona, na tunayemwona ni wetu. Kijana wa Mtito Andei ambaye shangazi yake hajulikani ofisini naye ana mama anayelia, ila kilio chake hakifiki kwenye meza.

Na shukrani je? Hapa ndipo kitu kidogo kinapopata mlango. Watu wengi wanadhani hongo huanza kwa uroho. Mimi nadhani mara nyingi huanza kwa wema. Mzee amepata hati ya shamba baada ya kuhangaika, moyo umejaa, anarudi na debe la maembe au chupa ya asali ya Kitui kumpa karani. Kukataa ni kumvunja moyo mzee, tena ni ukosefu wa nthoni! Karani anapokea. Mwezi ujao mzee mwingine, aliyesikia habari za asali, anakuja na chupa yake mapema, kabla hati haijatoka. Karani hajabadilika hata kidogo, anatabasamu lile lile. Kilichobadilika ni saa: zawadi imetangulia kazi. Mwezi wa tatu anakuja mjane asiye na mzinga wala mwembe, na faili lake linakaa chini ya mengine. Hakuna aliyeamua kumdhulumu. Ni kwamba hakuna kilichomkumbusha karani.

Katiba imejaribu kufunga mlango huo kwa viongozi: kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa afisa wa dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri. Sheria ya hongo ya mwaka 2016 nayo inawashika wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Lakini mzee na maembe yake hasomi gazeti la serikali. Nimesikia karani mmoja wa zamani alikuwa na njia yake: akiletewa maembe, aliyaweka juu ya meza ya nje ambapo wote wanaongoja hukaa, akasema kwa sauti, "Jamani, mzee ametuletea maembe, karibuni." Mzee hakuaibika, kila mtu alikula, na karani hakubaki na deni. Ningependa kumjua mtu huyo.

Kuhusu fahari nitasema machache. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini na barakoa zikawa adimu, kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, pale Syongila, kiligeuza mashine zake zilizokuwa zikishona sare na kuanza kushona barakoa, zikaripotiwa 30,000 kwa siku. Wengi wa washonaji walikuwa wanawake wa huku huku. Watu walikuwa wakiogopa hata kutoka nje, nao walitoka kwenda kazini. Mshahara ulikuwepo, sawa. Lakini mtu anayejua kwamba nchi nzima inangoja mshono wake hushona tofauti na yule anayengoja saa kumi na moja ifike.

Nimeiacha hasira mpaka mwisho kwa kuwa ndiyo inayowafukuzisha vijana wengi kazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inaorodhesha makosa ambayo kwayo mtu anaweza kufutwa papo hapo, na moja ni kumtusi mwajiri au msimamizi wako. Wengi huishia hapo. Ila kuna kifungu cha 41, na hiki ningependa kila mmoja wetu atoke nacho shuleni. Kinasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, ni lazima amweleze sababu, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake, na amsikilize. Hata kwa yale makosa ya papo hapo. Kwa maneno mengine sheria inazikalisha chini hasira mbili, ya bosi na ya mfanyakazi, na kuzingojesha.

Kijana wa kijijini kwetu alikuwa kibarua katika ghala moja nje ya Nairobi. Kila Jumamosi nyapara alimkata pesa na hakumpa sababu. Wiki ya nne damu ilimpanda akamtolea maneno ambayo mhariri wetu hatayachapa. Akaambiwa achukue sweta lake aende, akapewa na barua ya Kiingereza aitie sahihi. Badala ya kutia sahihi au kurusha ngumi, alimwita mwenzake wakaenda kwa meneja. "Sikatai nimetukana," alisema, "lakini barua hii siielewi. Mnisomee kwa Kiswahili, halafu mnisikize." Meneja alikuwa na haraka, akataka kukataa, kisha akaitafsiri kwa kusitasita. Alipofika penye hesabu ya mishahara akasimama. Akaliitisha daftari la nyapara. Kijana alipewa onyo la maandishi kwa matusi yake, akarudi kazini Jumatatu, na Jumamosi iliyofuata vibarua wote kumi na moja wa zamu ile walilipwa pesa kamili.